Fundi Aliyeniandika Kati ya Marehemu

Namshukuru Mungu Baba, anayemwita kila mtu kwa jina lake wala hamchanganyi mmoja na mwingine. Amenipa miaka sabini na sita, mke mwenye mzaha, na macho ambayo bado yanasoma masomo ya Jumapili mwangaza ukiwa mzuri. Amenipa pia subira ya kungoja mambo yajifunue yenyewe. Mara moja niliitumia subira hiyo vibaya, na habari hizo pia nitazisema, maana siwezi kumwandika Fundi bila kuziandika.

Mji wote wa Nyeri ulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Sifichi; sijui, na sijapata kuonana na mtu anayejua. Jambo hili ni la ajabu ukifikiria kazi aliyoifanya, kwa sababu aliandika koo za watu wengi wa huku kwetu mlimani, na katika kompyuta yake hakuna mahali alipojiandika yeye. Siku moja nilimwuliza. Akanijibu bila kuinua macho, "Fundi hakai ndani ya redio, Katekista."

Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa sababu nilifundisha dini kwa miaka arobaini.

Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, kati ya muuza viatu vya mitumba na mashine ya kusaga unga, kwa hiyo kila kitu ndani kilikuwa na vumbi jeupe la mahindi, hata yeye mwenyewe. Zamani kibanda kilijaa redio za watu. Simu zilipokuja redio zikaacha kuletwa, na zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua zikabaki zimening'inia ukutani. Fundi alikuwa amenunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja iliyokuwa ikihama, na mtu akamwekea programu ya kupanga koo. Kila mtu hupewa kisanduku chake, na mistari hutoka kisanduku hadi kisanduku: baba, mama, mke, watoto. Wengine wa umri wake walicheza bao au walifuga sungura. Yeye alijaza visanduku.

"Ni kama redio tu," aliniambia. "Hii waya inaenda kwa ile. Ikikatika mahali, sauti haifiki."

Redio moja haikuzimwa kamwe. Ilikuwa kubwa, ya mbao, na uso wa kitambaa, nayo aliiweka mahali ambapo hapakuwa na stesheni yoyote. Ilivuma tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Alipokuwa akiandika majina ilivuma. Alipokuwa akila mkate wake wa saa nne ilivuma. Wateja walimlalamikia.

"Fundi, si uzime hiyo kitu? Imeharibika."

"Haijaharibika. Hapo ndio watu ni wengi."

Mimi kama mtu wa kanisa sikuipenda kauli hiyo. Nilimwuliza waziwazi kama anaita mizimu, kwa maana kama ndivyo, nisingeweza kukaa kwenye kiti chake tena. Akanitazama kwa upole. "Mimi siiti mtu, Katekista," akasema. "Mimi niko hapa tu." Baadaye nilimwona kanisani kila Jumapili, benchi la mwisho. Katika Kanuni ya Imani midomo yake haikusogea, mpaka tulipofika kwenye ufufuko wa wafu. Hapo alitamka peke yake kwa sauti kubwa, hata watoto wakageuka kumwangalia, kisha akanyamaza tena. Lakini mazishini hakuja hata mara moja. Hata ya muuza viatu, aliyekuwa jirani yake miaka ishirini, hakuja.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu nieleze jambo moja, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la bibi mzaa baba. Kwa hiyo majina hayafi, hupokezana. Babu yangu aliitwa Kariuki wa Nderitu. Baba yangu alikuwa Nderitu wa Kariuki. Mimi ni Kariuki wa Nderitu. Mwanangu wa kwanza ni Nderitu, na binti yake mkubwa anaitwa Wangechi, jina la mke wangu. Na ilitokea, kama inavyotokea kwa wengi, kwamba bibi yangu naye aliitwa Wangechi.

Sisi wengine tunaishi na desturi hii bila kuifikiria. Fundi aliifikiria mchana kutwa. Alizungumza na watu kana kwamba hawakuwa wao, bali wale waliowapa majina. Siku moja mama mmoja alikuja kuchajisha simu, amemshika mkono binti yake wa miaka mitatu. Fundi akauliza jina la mtoto, akaambiwa, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Umeacha kulia juu ya ng'ombe wako?" akamwuliza. "Yule mwekundu waliyemwuza?"

Mtoto akasema, "Hakuuzwa. Alikufa."

Mama yake alimbeba akaondoka, simu yake akaiacha kwenye chaji, akamtuma mtu kuichukua siku ya pili. Nilimwuliza Fundi alijuaje habari za ng'ombe. Alisema bibi wa mtoto yule, aliyempa jina, alimsimulia zamani, na kwamba yeye Fundi alikuwa akiamini siku zote kwamba ng'ombe aliuzwa. Akachukua kalamu akalirekebisha jambo hilo katika daftari lake, kama mtu aliyeambiwa saa.

Kitu kingine kilikuwa ile plasta. Pembeni mwa kioo cha kompyuta, chini kulia, alibandika plasta ya kidonda. Programu ilionyesha hapo idadi ya watu wote walioandikwa ndani yake, na Fundi hakutaka kuiona. Watu hawahesabiwi, alisema. Nilimcheka kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba mama yangu, aliyebatizwa na kufa na rozari mkononi, hakuwahi kutaja mbele ya mgeni idadi ya watoto wake. Nikaacha kucheka. Plasta ilipochakaa alifumba macho, akabandua, akabandika nyingine kwa kupapasa.

Halafu kaseti. Katika ujana wake Fundi alizunguka miji yote ya mlimani akiuza redio na mashine za kurekodi: Karatina, Kiriaini, Nanyuki, mpaka chini kwa wakulima wa mpunga Wang'uru. Ili kuonyesha kwamba mashine inafanya kazi, alimwomba mzee yeyote aliyekuwa karibu ataje jina lake, jina la baba yake na mahali alipotoka, kisha akamrudishia sauti yake mwenyewe. Watu walishtuka, wakacheka, wengine wakanunua. Kaseti zile hakuzifuta. Zilijaa katoni za unga chini ya meza, kila moja imeandikwa jina la mji.

Wenye sauti zile walipokwisha kufa, watoto wao wakaanza kuja. "Fundi, baba alisema nini?" Hakuwahi kumwambia mtu. "Kaa chini," alisema. "Mimi sisikilizi kwa niaba ya mtu." Nilimwona mwanamume mnene wa Kiriaini akiingia na haraka zake, funguo za gari zinalia mkononi, akaketi, akavaa vile visikilizi vya masikioni. Alipotoka aliketi kwenye kiti cha muuza viatu mpaka saa kumi jioni, na hakununua kiatu.

Sasa nifike kwangu.

Mke wangu aliandaa siku ya ukoo wetu, watoto na wajukuu wote waje nyumbani, na Fundi akaombwa achape ukoo mzima kwenye karatasi. Alileta karatasi nyingi zilizogundishwa pamoja, tukazitundika kando ya hema. Mjukuu wangu Wangechi ndiye aliyeona kwanza. Yeye ni muuguzi hapa mjini, na kwa kuwa ana jina la bibi yake, mimi humwita mke wangu, kama babu wote wa kwetu wanavyofanya.

"Guka!" akaita, yaani babu. "Kumbe ulikufa na hukutuambia!"

Watu wakakimbilia pale. Kweli, kisanduku kilisema Kariuki wa Nderitu, mkewe Wangechi, na kando ya jina palikuwa na msalaba mdogo.

"Ndio maana huniletei kuni siku hizi," mke wangu akasema. "Kumbe nimekaa na marehemu, nampikia hata chai."

Fundi alikuwa amesimama na kikombe chake. Akaeleza bila aibu. Programu ikiona watu wawili wenye jina moja, baba mwenye jina moja na mke mwenye jina moja, huuliza: hawa ni mtu mmoja? Iliuliza juu yangu na babu yangu, naye akabonyeza ndiyo. Kosa kama hilo haliwezi kutokea mahali ambapo watu hawapokezani majina, na waliotengeneza programu ile hawakuwa wa kwetu.

"Kwa nini ulisema ndiyo, na mimi unaniona kila siku?" nikamwuliza.

"Iliniuliza kwa ukoo, haikuniuliza kwa macho," akasema.

Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Lakini mimi nilikuwa nimevaa miwani nikasoma mstari wa chini, mdogo sana. Amezikwa: Wang'uru.

Babu yangu alichukuliwa na askari wa kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya kupigania uhuru, nikiwa na miaka mitano. Nilikuwa mlangoni. Ninalolikumbuka sana kwake ni kwamba kabla ya kusema jambo lolote aligonga kigoda mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ndipo akasema. Hakurudi. Baba yangu alituambia alifia msituni, na kila Novemba nimemwombea kama mtu aliyefia msituni. Hakuna aliyewahi kutaja Wang'uru.

Nilimvuta Fundi kando. "Umetoa wapi hili neno?"

Alilisoma. Nikaona limemshangaza yeye pia. "Sikumbuki," akasema. "Niliingiza majina ya kaseti za zamani. Programu iliuliza, nikasema ndiyo. Ikauliza tena, nikasema ndiyo." Kisha akaniambia, "Niko na kaseti ya Wang'uru. Kuja siku moja usikilize."

Nikasema nitakuja. Nikaikunja karatasi ile kwa mikono yangu, wala sikumwambia mtu, wala sikwenda. Nilijiambia kwamba marehemu baba yangu hakuwa mwongo. Fundi alinitoa kati ya marehemu, akanipa kisanduku changu peke yangu. Lakini aliniambia kwamba kila asubuhi akiwasha kompyuta, programu humwuliza upya: hawa ni mtu mmoja? Alijibu hapana. Kesho yake ikauliza.

Miaka miwili ilipita. Mjukuu wangu Wangechi alikuwa ameachwa na mchumba wake wa kwanza, na kwa muda mrefu kicheko chake kilikuwa cha mdomoni tu. Basi alipokuja kusema amepata mtu, na kicheko kile cha zamani kimerudi, nilimshukuru Mungu kwa magoti. Kijana huyo alikuwa mwalimu wa hesabu mjini. Alikuja kujitambulisha kwetu siku ya Jumamosi na mfuko wa mchele wa pishori, ambao harufu yake ilijaza nyumba kabla haujapikwa.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?" mke wangu akamwuliza.

"Wang'uru, Cucu," akajibu, yaani bibi.

"Na jina?"

"Kariuki wa Nderitu."

Wote wakacheka, kwa maana jina hilo ni la kawaida, hata kanisani kwetu tuko kadhaa. Mjukuu wangu akasema, "Cucu, kila mtu na Kariuki wake." Kijana akatabasamu. Alitaka kusema maneno yake ya heshima aliyokuwa ameyaandaa. Akaweka mkono juu ya meza, na kwa kifundo cha kidole akagonga mara mbili, ko, ko. Ndipo akasema.

Mimi peke yangu katika nyumba ile, na nadhani peke yangu kati ya wote walio hai upande wetu, nilikuwa nimewahi kusikia kugonga kule. Chai ilikuwa mdomoni mwangu. Niliimeza, na sikuweza kujua kama ilikuwa moto au baridi.

Kwetu watu wa mbari moja, yaani waliotoka kwa babu mmoja upande wa baba, hawaoani. Hakuna sherehe wala mbuzi wa kuliondoa jambo hilo. Nililijua hilo nikiwa nimeshika kikombe, na nikamtazama mjukuu wangu akimwongezea kijana chai, na nikanyamaza.

Aliyezungumza ni Fundi. Wangechi alikuwa amempelekea majina ya wakwe ili achape karatasi ya harusi. Siku ya tatu Fundi akaja kwetu, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Sijawahi kumwona akifunga kibanda siku ya kazi. Tulikuwa uani, mimi, mke wangu, Wangechi na mama yake, tunachambua maharagwe.

"Katekista," akasema, "programu imeniuliza kitu, na hii mara sitasema ndiyo peke yangu."

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama babu yako na Wangechi wake, na wewe na Wangechi wako, na huyu kijana na Wangechi wake, wote ni watu wawili tu."

"Mimi ni mtu mmoja, Fundi," mke wangu akasema, "na mgongo unauma wa mmoja."

Fundi hakucheka. "Kuja usikilize ile kaseti. Kabla ya harusi."

Mjukuu wangu aliacha maharagwe akanitazama. Macho yake yaliniuliza kama kuna jambo. Nami nilisimama, nikachukua ile sauti yangu ya kanisani.

"Programu iliyoniua nikiwa nakunywa chai, leo ndiyo izuie harusi ya mtoto? Enda urekebishe redio, Fundi."

Wote walicheka kwa kupumua, kama watu walioondolewa mzigo. Wangechi alicheka zaidi ya wote. Fundi alingoja wamalize.

"Redio ziliisha, Katekista," akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na nimeiungama, lakini naiandika pia. Sikusema uongo hata neno moja. Nilichukua kosa lake la zamani nikafunika nalo jambo ambalo nilijua si kosa.

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Matangazo husomwa na mimi. Jumapili ya kwanza nilisoma majina yale, Kariuki wa Nderitu na Wangechi wa Nderitu, na nikayasikia kama ninayatangaza ya kwangu na ya mke wangu, ambayo yalitangazwa mahali pale pale miaka hamsini iliyopita. Benchi la mwisho halikuwa na Fundi. Jumapili ya pili nilisoma tena. Tulipofika nyumbani mke wangu alivua kitambaa chake cha kichwa taratibu.

"Baba Nderitu, umeanza lini kugonga?"

"Kugonga nini?"

"Ile meza ya kusomea. Kabla ya kusoma majina uligonga mara mbili na kidole. Hata Padre alikuangalia."

Sikukumbuka kugonga. Niliutazama mkono wangu, na kifundo cha kidole cha kati kilikuwa chekundu.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikwenda Skuta, mahali Fundi alipokuwa na chumba. Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu siku ile aliyokuja kwetu. Jirani yake, mama mmoja muuza mboga, alinifungulia mlango, akaniambia mzee hasikii kitu siku hizi, masikio yote mawili yamekwisha, niandike kwenye karatasi. Fundi alikuwa amekaa kitandani na koti lake. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, plasta mahali pake. Redio ya mbao ilikuwa kando ya mto, inavuma. Ilikuwa imewekwa hapo na mtu ambaye hawezi kuisikia.

"Umechelewa," akasema. "Lakini umekuja."

Kaseti ilikuwa tayari ndani ya mashine. Alibonyeza, kisha akaweka ncha za vidole vyake juu ya kitambaa cha spika, akafumba macho, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kwanza nilisikia kuku, na maji yanayotembea mferejini. Sauti ya kijana, ambayo ilikuwa ya Fundi, ikasema kwa Kigikuyu chetu, "Mzee, taja jina lako, mashine ikusikie." Ndipo ko, ko. Vidole vya Fundi vikaruka juu ya spika.

"Mimi ni Kariuki wa Nderitu," sauti ikasema. "Nilitoka Nyeri. Nililetwa hapa kifungoni kuchimba hii mifereji ya mpunga. Tulipofunguliwa, askari mmoja aliniambia kijiji chetu kilikufa njaa, wote. Sikurudi kuangalia makaburi. Nikaanza tena hapa. Nimepata mke, nimepata mtoto, nimemwita Nderitu tena."

"Na kule uliacha nani, mzee?"

"Niliacha Wangechi. Niliacha Nderitu. Nikajiacha mimi mwenyewe."

Fundi kijana akacheka kidogo kwenye kaseti. "Wewe mwenyewe vipi?"

"Kariuki. Miaka mitano. Nilijiacha mlangoni nimeshika kikombe cha bati, na uji ulikuwa unamwagika kwa mguu na hata silii."

Kaseti iliendelea kuzunguka, kuku tu na maji. Miaka sabini sijawahi kumwambia mtu juu ya kikombe kile, hata mke wangu. Nina kovu la uji juu ya mguu wa kulia.

Nikachukua karatasi nikaandika: Baba ya mchumba wa Wangechi ndiye Nderitu wa pili. Fundi alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Akawasha kompyuta, na swali likatokea kwenye kioo kabla hajagusa kitu. Lakini sasa halikuwa juu yangu. Liliuliza kama Kariuki wa Nderitu wa Nyeri, aliyepotea, na Kariuki wa Nderitu wa Wang'uru, aliyezikwa, ni mtu mmoja.

"Bonyeza wewe," Fundi akasema. "Mimi nimejibu ya kutosha."

Nilifanya ishara ya msalaba. Nilijua kwamba nikibonyeza ndiyo, babu yangu atapatikana na harusi itakufa. Nilibonyeza. Mistari ikasogea kwenye kioo, ikatulia. Upande mmoja mimi, upande mwingine yule kijana, na juu yetu wote wawili mzee mmoja.

Nilimwambia Wangechi jioni ile kabla jua halijazama, mbele ya bibi yake. Hakupiga kelele. Alisikiliza yote kama muuguzi anayesikiliza mgonjwa.

"Ulijua, Guka?"

"Nilijua neno moja. Na nilisikia kugonga kwake."

"Siku ya maharagwe ulijua?"

"Nilijua."

"Ningeacha siku hiyo," akasema. "Siku hiyo ningeweza."

Jumapili ya tatu nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba ndoa ile haipo, kwamba vijana wote wawili hawana lawama, na kwamba aliyechelewesha ukweli ni msomaji wa matangazo. Mjukuu wangu bado ananitembelea, ananipima shinikizo la damu, ananiletea dawa. Lakini nikimwita "mke wangu" haitiki. Nangoja. Mungu ameningoja mimi zaidi.

Kijana na baba yake walituchukua mpaka Wang'uru. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mfereji, na ndege weupe walikuwa wamesimama ndani ya mpunga bila kusogea. Nilisoma jina langu lote kwenye saruji, limeandikwa vizuri. Niliomba kwa sauti, na nilipofika mahali pa kumtaja marehemu nilisita, kama mtu anayeitwa na hajui ajibu au asijibu.

Niliporudi nilikwenda Skuta kumwambia Fundi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Alikuwa amelala ubavu, amekonda, mkono wake umelazwa juu ya kitambaa cha redio ya mbao. Niliandika kwenye karatasi: Tumemwona. Swali limerudi? Akasoma kwa shida.

"Halijarudi," akasema. "Asubuhi yote kompyuta imenyamaza." Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Na wewe sasa uko upande gani?"

Nikaandika: Wa walio hai, kwa neema.

Alitabasamu. Alikuwa karibu kusema kitu, lakini uso wake ukabadilika, na vidole vyake juu ya redio vikainuka kidogo, vikashuka tena polepole. Mimi nilisikia kule kuvuma tu, kama mvua iliyo mbali.

"Amegonga," Fundi akasema.

"Nani?" niliuliza kwa mdomo, nikisahau kwamba hasikii.

"Nyamaza, Katekista. Amegonga mara mbili. Anataka kusema."

Nikaketi kando ya kitanda, nikanyamaza pamoja naye.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki wewe na yule ambaye umebeba jina lake. Awape amani waliokutangulia, popote walipolazwa, hata kama hujaambiwa ni wapi. Na siku atakapoita, uisikie sauti yake wazi, ukajue bila shaka kwamba ni wewe unayeitwa. Amina.